MTUNZI WA NYIMBO ALIYEKAA GIZANI
Maisha ya William Cowper (1731–1800)



Wengi wetu twaujua wimbo ule wa chemchemi ya damu ya Imanueli, ambamo wenye dhambi huoshwa wakatakata. Twauimba wakati wa Kwaresima, twauimba msibani, na wako wazee wanaouimba wote bila kufungua kitabu. Lakini ni wachache wanaomjua aliyeutunga. Aliitwa William Cowper, na jina hilo hutamkwa Kupa. Alikuwa Mwanglikana wa Uingereza, mwana wa kasisi. Na ni wachache zaidi wajuao kwamba mtu huyu, ambaye nyimbo zake zimewafariji Wakristo wengi, aliishi miaka 27 ya mwisho akiamini kuwa Mungu amemtupa, wala katika miaka hiyo yote hakuingia tena kanisani kusali.

Nimeona habari zake zafaa kusomwa katika mtaa wetu kwa sababu ugonjwa kama wake uko kati yetu, na sisi tulio wazima mara nyingi hatujui la kumtendea mgonjwa wa namna hiyo. Mmoja husema hana imani, wa pili husema ana pepo, wa tatu hunyamaza na kupita mbali. Basi tumwangalie Cowper, na hasa tuwaangalie watu waliomtunza.

Utoto wake

Cowper alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka wa 1731 katika mji mdogo wa Berkhamsted, ambako baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la Mtakatifu Petro. Kati ya watoto 7 waliozaliwa nyumbani humo, waliokua ni wawili tu, William na mdogo wake John. Mama yao alifariki mwaka wa 1737, mara tu baada ya kumzaa John. William alikuwa bado hajatimiza miaka 6. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka wa 1790, jamaa mmoja alimpelekea picha ya mama yake, naye akatunga shairi refu la maombolezo kana kwamba msiba ule ulikuwa wa jana.

Baada ya kufiwa alipelekwa shule ya bweni. Huko alikuwako mvulana mkubwa, wa miaka 15 hivi, aliyemtesa kwa siri siku nyingi. Mtoto huyu alimwogopa hata hakuthubutu kuinua macho kumtazama usoni. Alimtambua kwa vifungo vya viatu vyake. Mwisho mambo yalijulikana na yule mkubwa akafukuzwa. Sisi tuliofundisha shule tunajua kwamba jeraha la namna hiyo haliponi siku mkosaji anapofukuzwa.

Baadaye alisoma shule ya Westminster mjini London, akafaulu vizuri katika Kilatini na Kiyunani. Kisha alijifunza sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka wa 1754. Aliipenda kazi ya ushairi kuliko sheria. Alimpenda pia binamu yake Theodora, lakini baba wa binti huyo alikataa wasioane. Wakaachana, na wote wawili hawakuoa wala kuolewa maisha yao yote.

Ugonjwa waingia

Tangu siku zile za kujifunza sheria alikuwa amekwisha kuonja huzuni isiyokuwa na sababu ya kuonekana: kulala nayo, kuamka nayo, na kutoona ladha ya jambo lolote. Ilimwacha, lakini mwaka wa 1763 ilimrudia kwa nguvu. Jamaa yake mmoja alimpatia nafasi ya ukarani katika Bunge la Malodi. Ilikuwa kazi nzuri yenye mshahara, ila palitokea ubishi juu ya uteuzi wake, akaambiwa lazima asimame mbele ya Bunge aulizwe maswali. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la asubuhi moja. Kwa Cowper lilikuwa hofu ya miezi mingi. Alijaribu kujiua zaidi ya mara moja, na Mungu akamhifadhi.

Wasomaji wapendwa, tuone jambo moja hapa. Baadaye walikuwako watu waliosema kwamba ni dini iliyomharibu akili, kwamba mahubiri makali na sala nyingi zilimtia wazimu. Lakini ugonjwa ulimpata wakati alipokuwa Mkristo wa jina tu, kabla hajawa mtu wa kusali kwa bidii. Haukuletwa na imani, wala haukuletwa na ukosefu wa imani. Ulikuja kama homa inavyokuja.

Nyumba ya Daktari Cotton

Siku hizo mgonjwa wa akili aliweza kufanywa mnyama. Katika hospitali ya Bethlem mjini London wagonjwa wengine walifungwa minyororo, na hadi mwaka wa 1770 watu waliingia kwa urahisi kuwatazama kama burudani. Cowper hakupelekwa huko. Mwezi wa Desemba 1763 ndugu zake walimpeleka mji wa St Albans, kwa Daktari Nathaniel Cotton, aliyekuwa na nyumba ndogo ya kuwatunza wagonjwa wachache.

Daktari Cotton alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, naye mwenyewe alitunga mashairi. Alimlinda mgonjwa wake asijidhuru, akazungumza naye, akamvumilia. Miezi ilipita bila nafuu. Ndipo mwezi wa Julai 1764 mdogo wake John alikuja kumtazama. Baada ya ziara hiyo moyo ulianza kufunguka kidogo. Siku moja alikuta Biblia juu ya benchi bustanini, akasoma habari za kufufuliwa kwa Lazaro. Baadaye aliifungua tena, akafika Warumi sura ya 3, aya ya 25, juu ya upatanisho kwa damu ya Kristo, na hapo akaamini kwamba neno lile lamhusu yeye. Alilia machozi ya furaha. Daktari Cotton, akijua kwamba furaha kubwa ya ghafula nayo yaweza kuwa sehemu ya ugonjwa, hakumruhusu kutoka upesi. Alimweka karibu mwaka mmoja zaidi. Hiyo ndiyo busara ya mganga.

Kati ya Huntingdon na Olney

Alipotoka mwaka wa 1765 alikwenda kukaa Huntingdon, akafuatana na mtumishi mmoja aliyekuwa akimwuguza pale St Albans. Alikuwa mgeni katika mji ule. Kijana mmoja, William Unwin, alimwona akitembea peke yake baada ya ibada, akamsalimu. Salamu hiyo ilimfikisha nyumbani kwa wazazi wa kijana, kasisi Morley Unwin na mkewe Mary, nao wakampokea akae kwao. Mwaka wa 1767 kasisi Unwin alianguka kutoka juu ya farasi, akafa. Mama Unwin na Cowper walihamia Olney, ili wawe karibu na kasisi John Newton.

Newton huyu ni yule aliyekuwa zamani nahodha wa meli za watumwa, kisha akatubu, akawa mtumishi wa Mungu. Yeye na Cowper wakawa marafiki wakubwa. Walitembelea maskini wa Olney, ambao wengi waliishi kwa kazi ya kufuma lesi, na wakaanza kutunga nyimbo kwa ajili ya mikutano ya sala. Kitabu cha nyimbo zao kilipigwa chapa mwaka wa 1779, kina nyimbo 348, na zaidi ya 60 kati ya hizo ni za Cowper.

Lakini mwanzoni mwa mwaka wa 1773 giza lilirudi. Wimbo wake juu ya njia za Mungu tusizoweza kuzichunguza ulitungwa karibu na wakati huo. Alisadiki kwamba Mungu ametoa hukumu juu yake yeye peke yake, kwamba wote wataokoka isipokuwa yeye. Alijaribu tena kujiua. Mwezi wa Aprili aliingia nyumbani kwa Newton, akakataa kutoka. Alikaa humo zaidi ya mwaka mzima.

Fikirini maana yake. Newton alikuwa na mahubiri ya kuandaa na wagonjwa wengine wa kutazama, na ndani ya nyumba yake alikuwamo mtu anayelia mchana na usiku, asiyekubali faraja yoyote ya Maandiko. Mwanzoni Newton alijaribu kujadiliana naye. Haikusaidia, kwa maana huzuni ya namna ile haisikii hoja. Lakini hakumfukuza. Aliandika kwa Daktari Cotton kuomba ushauri, akatembea naye, akafanya naye kazi bustanini. Na Mama Unwin alikuwa karibu naye usiku na mchana. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hao wawili walikuwa marafiki kweli.

Sungura, bustani na kalamu

Mwaka wa 1774 jirani mmoja alimpa Cowper mtoto wa sungura wa mwituni, ambaye watoto wake walikuwa wamechoka kumtunza. Akampokea. Watu waliposikia wakamletea wengine, akawafuga watatu: Puss, Tiney na Bess. Mmoja alipougua, Cowper alimwuguza kwa mikono yake mpaka akapona, na mnyama yule akaulamba mkono wake kana kwamba ashukuru. Mtu aliyekuwa akitunzwa alipata naye wa kumtunza. Tena alijifunza useremala, akatengeneza vizimba na meza, akapanda mboga, akajenga kibanda cha vioo cha kuoteshea mimea. Siku ikapata mpango wake, na mpango ukamshika mkono.

Mama Unwin alimhimiza kuandika. Mwaka wa 1782 alitoa kitabu cha mashairi, na mwaka wa 1785 shairi refu liitwalo The Task, lililomfanya kuwa mshairi mashuhuri katika Uingereza. Mwaka wa 1788 alitunga mashairi ya kupinga biashara ya watumwa, mwaka ule ule Newton alipotoa kitabu chake cha kuungama aliyoyaona melini. Sisi ambao tunalo Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka wa 1873, hatuwezi kulisahau jambo hilo. Mtu aliyejiona ametupwa aliweza kuwatetea waliotupwa na wanadamu.

Binamu yake, Lady Hesketh, dada wa Theodora, alimtafuta tena, akamsaidia kupata nyumba nzuri zaidi kijijini Weston Underwood mwaka wa 1786. Pia alikuwa akipata fedha kutoka kwa mtu asiyejitaja jina. Inaaminika kwamba alikuwa Theodora. Hata hivyo ugonjwa ulimrudia mwaka wa 1787 kwa miezi kadhaa, kisha ukamwachilia.

Mwalimu Teedon

Katika habari zake kuna mtu mmoja ambaye sisi walimu hatumpendi kumtaja, lakini yafaa tumtaje. Huko Olney palikuwa na mwalimu wa shule aitwaye Samuel Teedon. Alisadiki kwamba Mungu humpa ujumbe wa pekee, na Cowper, katika udhaifu wake, alianza kumwuliza mambo yake na kumsaidia kwa fedha. Teedon alitoa ahadi nyingi njema. Zilipokosa kutimia, mgonjwa alianguka chini zaidi, kwa kuwa aliona huo nao ni ushahidi kwamba Mungu amemkataa. Siku zetu pia wako wanaowatoza wagonjwa fedha na kuwaahidi kupona kwa siku fulani, hata kuwaambia watupe dawa zao. Tuwe macho. Sala ya kweli haimtoi mgonjwa mikononi mwa daktari.

Miaka ya mwisho

Mwezi wa Desemba 1791 Mama Unwin alipatwa na kiharusi, na mwaka uliofuata kikampata tena. Aliyeuguza sasa akauguzwa. Cowper alimtunza kwa uaminifu, akimsaidia kutembea na kukaa karibu naye, ingawa kuona mwenziwe akififia kulivunja nguvu zake mwenyewe. Mwaka wa 1795 kijana wa ukoo wa mama yake, John Johnson, aliwachukua wote wawili hadi Norfolk. Mama Unwin alifariki mjini East Dereham mwezi wa Desemba 1796.

Johnson alikaa na Cowper mpaka mwisho. Kila siku alimsomea vitabu kwa sauti, maana aligundua kuwa sauti ya mtu humtuliza hata asipojibu neno. Mwaka wa 1799 Cowper alitunga shairi lake la mwisho kubwa, juu ya baharia aliyeanguka baharini usiku wa dhoruba: wenzake walimpenda, walimtupia vitu vya kushikilia, lakini upepo uliisukuma meli mbele. Ndivyo alivyojiona yeye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alifariki tarehe 25 Aprili 1800, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Nikolao hapo East Dereham. Hatuna habari kwamba alipata amani kabla ya kufa. Lakini Johnson, aliyeutazama uso wake baada ya kufa, alieleza kwamba aliuona umetulia, na una kama mshangao mtakatifu.

Tunajifunza nini

Hatuwezi kumpima mtu aliyekwisha kufa. Hata hivyo, tunajua leo mambo ambayo Daktari Cotton hakuyajua. Mwaka wa 1949 daktari John Cade wa Australia alieleza jinsi chumvi ya lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa wenye kupandwa na furaha kupita kiasi, na baadaye ikathibitika kwamba dawa hiyo huweza kuzuia ugonjwa usirudi. Tangu miaka ya 1950 zimekuwako dawa za ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi wataalamu huuita sonona.

Tena watafiti wamechunguza upweke. Mwaka wa 1978 George Brown na Tirril Harris walitoa kitabu juu ya wanawake wa Camberwell, London. Walikuta kwamba mwanamke apatwapo na shida kubwa yu katika hatari zaidi ya sonona kama hana mtu wa karibu wa kumweleza moyo wake, au kama alifiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 11. Mwaka wa 1999 walitoa matokeo ya jaribio jingine: wanawake wenye sonona ya muda mrefu walipewa mwenzi wa kujitolea, wa kukaa na kuzungumza naye angalau saa moja kila wiki. Baada ya mwaka, katika kila 100 waliopewa mwenzi, 65 walipata nafuu. Katika wale waliokuwa bado wanangoja, ni 39 tu. Mwenzi yule hakuwa daktari. Alikuja, akakaa, akasikiliza, na wiki iliyofuata akaja tena. Yale aliyoyafanya Mama Unwin kwa upendo yamepimwa kwa hesabu, na hesabu imekubali.

Basi, ndugu, tufanye nini? Kwanza, tukiona mtu hali, halali, hacheki, haji tena ibadani, tusimwite mvivu wa sala. Cowper hakuja kanisani miaka 27, na nyimbo zake zilikuwa zikiimbwa humo. Pili, tumpeleke hospitali mapema kama tunavyompeleka mwenye malaria, na jina la Mirembe, hospitali ile ya Dodoma, lisiwe tusi vinywani mwetu. Tatu, akizungumza habari ya kufa, tusimkemee wala tusimwache peke yake. Tukae naye, tumwite mtu wa kutusaidia, tumfikishe kwa mganga. Nne, wajumbe wa kanisa na Umoja wa Akina Mama wagawane siku za kumtembelea, nao wasiache baada ya wiki mbili. Na tano, tumkumbuke anayemwuguza, kwa maana naye huchoka.

Pengine mgonjwa wetu hatapona upesi. Pengine, kama Cowper, hatatuambia kamwe kwamba tumemsaidia. Newton na Mama Unwin hawakusikia shukrani nyingi katika mwaka ule wa giza. Lakini kama wasingelikaa naye, asingeliishi kuandika yale mashairi ya watumwa, wala kuwalea wale sungura, wala kumshika mkono Mama Unwin alipokuwa hawezi kusimama.

Jumapili tutakapouimba wimbo wake, tuangalie katika viti vyetu ni nani hayupo, na baada ya ibada twende kwake.

Bwana awe nanyi.